Ua Hili na Ua Huu

Katika lugha yetu tukufu limo neno moja lenye herufi mbili tu, ambalo mgeni anayejifunza Kiswahili hulipenda siku ya kwanza na kulilaani siku ya pili, nalo ni neno ua. Ukisema ua hili, umetaja pambo la mti, ambalo huchanua asubuhi na kusifiwa na washairi; ukisema ua huu, umetaja boma linaloizunguka nyumba ili mbuzi wa jirani asiingie na siri ya mwenye nyumba isitoke; na ukilitamka peke yake kwa sauti kali, pasipo hili wala huu, umeamrisha kiumbe atolewe roho. Wengi huishi umri wao wote bila ya kuhitaji zaidi ya maana mbili kati ya hizo. Mimi, kwa majaaliwa yangu, nimezipitia zote tatu kwa mti wa namna moja tu, na maneno yafuatayo ni ungamo la mtu aliyeuhama ua, akalifuata ua, akaishia kuua.

Nilizaliwa Unguja, katika nyumba iliyozungukwa na ua wa miti ambayo kwetu haikuwa na jina. Vitabu huiita haibiskasi; marehemu bibi yangu aliiita "hiyo ya uani", na kila mtu alimfahamu. Ilitoa maua mekundu mapana kama kiganja, na katikati ya kila ua ulichomoza ulimi mrefu wenye vumbi la manjano; wala hapakuwa na aliyeyatazama, kwa sababu yalikuwapo daima, kama vile hapana aitazamaye bahari isipokuwa anayesubiri jahazi. Mbuzi waliyala. Nguo zilianikwa juu yake. Sisi watoto tuliyachuna, tukayapasua kwa chini penye utelezi, tukayagandisha puani tukawa majogoo. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi shangazi yangu alitoka na panga lake, akapiga bismillahi, akaufyeka ua kutoka pembe hadi pembe, akayasukumia maua na majani kwenye shimo la taka. Na baada ya wiki tatu ua ulikuwa mnene kuliko kwanza. Jambo hili la wiki tatu, ndugu msomaji, nakusihi ulihifadhi, maana mimi nililisahau kwa miaka kumi na mmoja, na usahaulifu huo umegharimu roho nyingi.

Riziki, ambayo haimuulizi mtu kama anapenda baridi, ilinipeleka Denmark, nikatua Odense katika kisiwa cha Fyn. Niliambiwa kwamba maadamu nimetoka kisiwani na ninakwenda kisiwani, sitaona tofauti kubwa. Aliyeniambia hayo hakuwahi kufika huko mwezi wa Desemba, ambapo jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, likachungulia juu ya mapaa kama mdaiwa apitaye mlangoni kwa anayemdai, likatoweka kabla ya saa kumi alasiri. Hata Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kwa kukanyagana visigino, na mtu akikawia kuvua soksi za udhu kwa sala moja, anaweza kujikuta anawahi nyingine.

Ilikuwa Februari ya mwaka wangu wa pili, nami nimo dukani natafuta vitunguu, nilipoliona. Lilikuwa katika chungu cha plastiki kisichozidi bilauri kwa ukubwa, limevishwa nailoni mfano wa bibi harusi, limetulia baina ya jibini na mishumaa: ua la uani kwetu, jekundu, na ulimi wake nje. Nilisimama nikalitazama kama mtu amtazamavyo mvuvi wa mtaani kwao aliyemkuta ugenini amevaa suti. Bei yake ilikuwa krona 79. Nikalikumbuka shimo la taka la shangazi, nikapiga hesabu, nikatambua kwamba kila mwisho wa mwezi aila yetu ilikuwa ikitupa mali ya kununulia gari. Nikalipa, nikavisahau vitunguu.

Kifo cha kwanza kilisababishwa na adabu. Binti aliyepokea fedha aliniuliza kama ningependa anifungie mti ule kwa karatasi, nami, kwa malezi niliyolelewa, nikamjibu, "La, usijisumbue," huku nikitarajia, kama atarajiavyo kila mtoto aliyefunzwa vema baina ya Lamu na Kilwa, kwamba atasema, "Hasha, lazima nikufungie," nami nitakataa mara ya pili kwa sauti ya chini zaidi, naye atanishurutisha, nami mwishowe nitakubali shingo upande. Walakini Wadenmark ni watu wakweli, na huwadhania wengine ukweli uo huo; ukisema la, huamini kwamba umekusudia la. Tabia hii ilikwisha kunitoa na njaa katika nyumba tatu za heshima, lakini siku ile ilitoa roho. Kutoka dukani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi na mbili, na nje baridi ilikuwa nyuzi nne chini ya sifuri. Jani la mti wa nchi za joto hujaa maji, na maji yakiganda hupasua vijumba vyote vya uhai vilivyomo ndani yake. Kwa hiyo nilipofungua mlango na kumwita mke wangu aje aone habari za nyumbani, nilichomwonyesha kilikuwa kijiti chenye majani meusi yaliyolegea kama mchicha uliopitiliza jikoni.

Wa pili niliufunga kwa karatasi, na juu ya karatasi nikauvisha shali yangu mwenyewe, nikafika nao salama nimetetemeka mimi. Huyu sasa alikuwa mgeni, naye mgeni kwetu hahesabiwi vipande vya nyama. Nilimweka juu ya chuma cha kupashia nyumba joto kilichopachikwa chini ya dirisha, ili ahisi yuko Unguja, nikamnywesha maji asubuhi, na adhuhuri, na kabla ya kulala, nikimwambia maneno ya kumliwaza. Baada ya siku kumi majani yakaanza kugeuka manjano na kudondoka, moja moja, kwa mlio mdogo sana ambao mwenye kuupenda mti huusikia hata akiwa usingizini. Nikahukumu kwamba ana kiu, nikaongeza maji. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba mti usiopata mwanga hauna kazi ya kufanya, na usio na kazi haunywi. Maji yasiyonyweka hukaa chunguni, na mizizi huoza humo. Wajuzi huiacha haibiskasi wakati wa baridi ipumzike mahali penye mwanga na ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15, na kuipa maji kwa uchoyo. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niliifuata nusu ya kwanza ya methali ile kwa miezi mitatu, mgeni akafa kwa kukirimiwa.

Wa tatu aliishi, na kuishi kwake kukaleta fedheha ya aina nyingine. Kisiwa cha Fyn kinasifika kwa nyumba za vioo, ambamo maua ya vyunguni hukuzwa kwa taa na joto la kununua, kisha yakapakiwa katika malori na kutawanywa Ulaya. Na ili mti upendeze juu ya meza ya chai, aghalabu hutiwa dawa izuiayo urefu. Mnunuzi haambiwi kwamba dawa hiyo huisha. Mti nilioununua ukiwa na kimo cha birika ulianza mwaka wa pili kurefuka kama kijana aliyebaleghe, miguu mitupu, mikono kila upande, ukilizuia pazia na kumkwaruza mke wangu usoni kila alipotaka kufungua dirisha. "Huyu," aliniambia, "alikuja kama mtoto, kumbe ni mtu mzima amejikunja." Alinishauri nimkate. Nilimtazama kwa namna ambayo hakurudia shauri hilo kwa muda mrefu.

Kisha ukaja utitiri mwekundu, mdudu asiyezidi nukta ya kalamu, ambaye hustawi katika hewa kavu ya nyumba zenye joto la kutengeneza, akitanda utando wake chini ya majani mfano wa buibui maskini. Dawa yake ni maji, nayo humwagwa chini ya kila jani, si juu. Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi nilijifungia bafuni na miti yangu, nikaiogesha mmoja mmoja kwa maji ya vuguvugu, nikiigeuza huku na huku na kuibembeleza, kwa kuwa mtu hawezi kumwogesha kiumbe kimya kimya. Siku moja mke wangu alikuwa akizungumza kwa simu na mama yake aliyeko Unguja, na mkwe wangu, kwa hisani yake, akauliza hali yangu.

"Hajambo," mke wangu alijibu. "Yuko bafuni anaogesha maua."

Simu ilinyamaza kitambo kirefu, hata mke wangu akadhani laini imekatika. Kisha sauti ya mama mkwe ikaja, ya chini na yenye huzuni: "Msomeeni."

Sikusomewa, na maradhi yakazidi. Mwaka wa sita nilikuwa na vyungu thelathini na kimoja katika nyumba ya vyumba viwili. Vilikuwamo vyekundu, vya manjano, vya chungwa, vyeupe vyenye moyo wa zambarau. Nilivipata kwa kununua, kwa kubadilishana vipandikizi na wagonjwa wenzangu, na kwa kuokota vilivyotupwa. Niliingia katika elimu ya majina, nikafurahi kusoma kwamba aliyeuingiza mti wa uani kwetu katika daftari la wanachuoni, mwaka 1753, alikuwa Linnaeus wa Uswidi, mtu wa theluji kama majirani zangu. Yeye aliuita waridi la China, na hadi leo hapana aliyeukuta ukiota mwituni, China wala kwingineko. Ni mti uliozaliwa uani. Mti mwingine aliuita haibiskasi ya Shamu, ilhali asili yake si Shamu bali ni mashariki ya mbali, na Wakorea wa kusini wameufanya kuwa ua la taifa lao. Nikajua kadhalika kwamba choya ni haibiskasi halisi, kwamba bamia na pamba ni binamu, na kwamba mtakawa wa ufukweni, ambao magome yake mabaharia husokotea kamba, ni wa ukoo uo huo. Nilipomweleza mke wangu kwamba bamia ni jamaa wa maua yangu, alinijibu kuwa amefurahi kusikia kwamba yumo mmoja katika ukoo ule mwenye kufanya kazi.

Yeye hakukosa hoja, kwa maana viti vya wageni vilikuwa vimekwisha kukaliwa. Sikukuu ya Idi ilitukuta tukiwa na wageni tisa na nafasi ya watu wanne, nami nikaona hiyo ni fursa, si shida, kwani ua moja la manjano, nililolingojea tangu likiwa tumba dogo kama punje ya pilipili manga, lilikuwa tayari kuchanua siku ile ile. Maua haya aghalabu huishi siku moja tu. Likifunguka asubuhi, jioni limejikunja kama mwavuli, na aliyekuwa kazini hana wa kumlaumu. Niliwatangazia wageni. Niliwaketisha kuelekea dirishani. Kisha, ili walione vema, nikakizungusha chungu nusu duara, nikatenda kosa ambalo kila mfugaji wa haibiskasi hulijua, maana tumba lililozoea mwanga wa upande mmoja likigeuziwa upande mwingine hususa. Lilianguka mbele ya macho yao, juu ya sahani ya halua. Hapakuwa na aliyesema neno. Mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alitaka kuinuka anipe pole, akagundua kwamba baibui lake limegandamana na kiti. Kwani juu yake ulitanda mti uliojaa vidukari, na vidukari hunyonya utomvu wa jani na kuutoa nyuma ukiwa asali, na asali hiyo ilikuwa ikimdondokea taratibu tangu pilau.

Giza la Odense ndilo lililonifikisha mbele ya serikali. Niliinunulia miti yangu taa za kuzibia upungufu wa jua, nazo hutoa mwanga wa zambarau, kwa sababu mmea hushiba zaidi kwa mwanga mwekundu na wa buluu, na ule wa kijani huurudisha mwingi kwa mwenyewe. Dirisha langu likawa linawaka zambarau tangu alfajiri hadi saa tatu za usiku, na barabara nzima ikapata rangi. Sikufahamu kwamba katika nchi zile mwanga wa namna hiyo una tafsiri moja tu, hata jioni moja wakabisha hodi maafisa wawili wa polisi, warefu, wapole, wakaomba ruhusa ya kutazama bustani yangu. Niliwakaribisha kwa fahari. Hakuna mkusanyaji asiyengojea kwa hamu siku atakayojiwa na mtu mwenye haja ya kuona kila chungu.

Wakatembea, wakatikisa vichwa, wakasifu. Walipofika pembeni, wakasimama mbele ya mti mwembamba nilioupanda kwa mbegu, wenye majani yaliyopasuliwa mfano wa vidole vya mkono. Yule mmoja aliinama akasoma kibao nilichokiandika kwa hati nzuri: Hibiscus cannabinus. Akasoma tena, kwa sauti. Nikaona uso wake ukibadilika, nikajaribu kumweleza kwa Kidenmark changu cha kuungaunga kwamba huo ni mmea wa nyuzi, asili yake Afrika, ambao watu huutumia kwa kamba na magunia, na kwamba jina lake lina maana tu ya kuwa jani lake linafanana na la bangi. Nikaona kwamba kila neno ninaloongeza linaniingiza ndani zaidi, hasa hilo la mwisho. Katika fadhaa yangu nikapaza sauti: "Si bangi! Ni ndugu yake bamia!"

"Bamia ni nini?" akauliza.

Hapo ndipo mke wangu aliponiokoa. Alikuwa amepika bamia kwa papa mkavu, akawaambia wakae wale. Wakakataa. Naye, ambaye katika miaka yote ile hakukubali kwamba la ya Mdenmark ni la, akawashurutisha; wakakataa tena kwa sauti ya chini; akapakua. Wakala, wakauliza kama panaongezwa, wakaandika katika daftari lao kitu ambacho sikukiona, wakaenda zao. Nilipokuwa nikiosha sahani nilimkumbuka binti wa dukani, nikawaza kwamba laiti angalikuwa na mkaidi wa namna hii wa kumfunza kazi, mti wangu wa kwanza ungalikuwa hai.

Ile haibiskasi isemwayo kuwa ya Shamu niliipanda nje, katika bustani ya pamoja nyuma ya nyumba, kwa kuwa yenyewe huvumilia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ikapita theluji, Aprili ikaja, miti yote ikavaa kijani, Mei ikaja, wangu ukabaki ufito. Nilikwaruza gome kwa ukucha mahali pamoja, nikaona pakavu, nikahukumu. Niliung'oa kwa huzuni, nikaupeleka kwenye lundo la mboji, nikasimama pale kwa kiasi cha kufaa. Mwezi wa Agosti nilipita chini ya dirisha la jirani yangu, bibi mzee aliyevuka miaka themanini, nikauona ufito ule ule umefunikwa kwa maua ya zambarau kutoka juu hadi chini. Aliuokota jioni ile ile ya mazishi. Mti huu, alinieleza, ni mvivu wa kuamka kuliko yote, na majani yake mara nyingine hungojea hadi Juni ikaribie. "Tatizo lako," akasema, "ni kwamba una haraka ya kuzika." Nilitaka kumjibu kwamba kwetu maiti hacheleweshwi, lakini sikujua kulisema hilo kwa Kidenmark.

Nilirudi Unguja baada ya miaka kumi na mmoja, na asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, nikausikia mlio nilioufahamu kabla ya kufumbua macho. Nilitoka mbio na kikoi. Shangazi, mzee sasa, mgongo umepinda lakini mkono haujapinda, alikuwa amefika nusu ya ua, na miguuni pake palikuwa na maua mekundu ambayo kwa bei ya Odense yangemsomesha mtoto mwaka mzima. "Shangazi!" nikapiga ukelele. Akageuka akidhani ni nyoka.

Nikamweleza. Nikamwambia gharama, taa, maji ya vuguvugu. Nikamwambia kwamba Malaysia imelifanya hili kuwa ua la taifa tangu mwaka 1960, akauliza kama mbuzi wa Malaysia hawana njaa. Nikamvuta hadi pembeni ya kisima, ambapo uliota mti wa aina nyingine, maua yake yakining'inia kama fanusi, na kila petali imechanwachanwa mfano wa kishada cha tarbushi. Kipandikizi cha mti huo nilikwisha kukilipia krona 250, kikafika kwa posta kimeganda. Na hapa ulikuwa umesimama bila ya mwenyewe, kwa kuwa asili yake ni misitu ya pwani hii hii ya Kenya na Tanzania. Juu yake palianikwa tambara la kufutia sufuria.

"Unaujua mti huu ni nini, shangazi?"

"Naujua. Ni pa kuanikia tambara."

Akaniangalia kwa huruma, kama alivyokuwa akiniangalia nikiwa na homa. Akaufuta ukali wa panga kwa kidole gumba, akanionyesha ule urefu wote wa miti ya uani kwetu. "Hili si ua, mwanangu," akasema. "Huu ni ua. Ukiuonea huruma huota kichwa, ukabaki miguu mitupu chini, mbuzi wakapita." Akapiga bismillahi, akaendelea.

Niliondoka na vipandikizi saba nilivyovizungushia gazeti bichi na kuvificha ndani ya kikoi, pamoja na nazi mbili na kilo ya tende. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, nchi za Umoja wa Ulaya hudai cheti cha afya kwa karibu kila mmea na kila tunda linaloingizwa na msafiri, isipokuwa mananasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Na sheria hiyo, kwa insafu, ni ya haki, maana mdudu hasafiri na pasi. Afisa wa uwanja wa ndege alichukua vipandikizi kwa upole, akanirudishia vilivyobaki, nikatoka na nazi zangu na tende zangu kama mtu atokaye hitimani.

Ilikuwa mwisho wa Machi. Vyungu thelathini na kimoja vilinisubiri, miguu mitupu, vichwa vimegonga dari. Nilivitazama usiku kucha. Kulipopambazuka niliuchukua mkasi wa kukatia kuku, nikaufuta kwa spiriti, nikapiga bismillahi, nikaanza pembe moja hata nikafika ya pili. Haibiskasi huzaa maua yake kwenye chipukizi jipya, na kwa kila tawi nililolionea huruma miaka ile yote nilikuwa nikiunyima mti nafasi ya kulitoa chipukizi hilo. Mke wangu aliamka akakuta vigutu na lundo la majani sebuleni. "Umeyaua?" akauliza, na nadhani sauti yake haikukosa matumaini.

"Sikuyaua," nikamjibu. "Nimeukata ua."

Wiki tatu zilipita pasipo kitu, kwani wiki ya Odense si wiki ya Unguja. Ya sita, kila kigutu kilikuwa na macho mawili ya kijani. Nilingoja hadi majirani waliponihakikishia kwamba zimekwisha kupita zile baridi za usiku za mwanzo wa Juni wanazoziita jernnætter, yaani usiku wa chuma, ambazo mwaka mmoja zilinifutia vyungu vinne kwa saa tatu. Kisha nikaitoa miti yote, nikaipanga kwenye roshani bega kwa bega, mifupi, minene, imeshikana hata jirani wa mbele hatuoni tukinywa chai.

Asubuhi moja ya Julai nilimkuta mke wangu pale na tambara bichi la jikoni, akitafuta pa kulitundika. Akalitazama tawi, akanitazama mimi, akalitanda juu yake. Nilifungua kinywa ili nimkataze. Nikakifunga. Mwishowe nikamwomba tu, kwa adabu, alisogeze upande wa kushoto wa ua huu, kwa sababu upande wa kulia, tangu alfajiri, lilikuwa limechanua ua hili.